Maziwa, samli na presha: Tusimlaumu ng'ombe kwa kosa la jikoni

KUNA maradhi ambayo wazee wetu wakiyaita maradhi ya wakubwa na matajiri, lakini leo hii yamehamia katika kila mtaa na kila kijiji. Presha ni moja kati ya hayo. Ukikaa katika baraza yoyote baada ya sala ya Alasiri, iwe Chake Chake, Wete au Mkoani, hupiti muda mrefu bila kusikia habari yake. Fulani ameanguka chooni na upande mmoja haufanyi kazi. Fulani amesafirishwa Unguja usiku. Fulani tulimzika juzi, na asubuhi yake alikuwa sokoni akinunua samaki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wanaishi na shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui kuwa wanalo. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Sasa mtu akishaambiwa ana presha, nasaha za mtaani huanza kumiminika. Nasaha inayotajwa mapema kuliko karibu zote ni hii: "Acha maziwa, yana mafuta." Huyu anasema, yule anaunga mkono, na mgonjwa anarudi nyumbani akiwa ameshaazimia kuhamia chai ya rangi. Upande wa pili wapo wanaopinga kwa nguvu. Hao husema maziwa yamesifiwa ndani ya Qur'an, kwa hiyo hayawezi kumdhuru mtu, wala samli haiwezi, kwani nayo imetoka humo humo.

Swali hili limenifikia zaidi ya mara moja baada ya darsa. Mzee mmoja aliniuliza hivi: "Maalim, watu wananikataza maziwa, na Qur'an inayasifu. Nimsikilize nani?" Niliona ni swali linalostahili kujibiwa kwa kituo, kwa sababu pande zote mbili zimechanganya mambo. Wa kwanza amelaumu kitu kisicho na kosa kubwa akaliacha lenye kosa. Wa pili ameichukua aya akaibebesha mzigo ambao haikuubeba.

Mimi si daktari, ni mwalimu wa skuli. Nitakayoyaeleza yanatokana na tafiti za wataalamu zilizochapishwa na zinazojulikana, na lengo langu ni kuyapanga ili msomaji apate pa kuanzia anapozungumza na daktari wake.

Milango miwili ya maradhi

Kwanza tuelewe presha inafanya nini. Moyo husukuma damu ndani ya mishipa. Kipimo cha presha kina namba mbili. Ile ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapobana, na ile ya chini ni nguvu yake wakati moyo unapolegea. Kipimo cha 120 kwa 80 au chini kidogo ya hapo ni kizuri kwa mtu mzima. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kikapimwa siku mbili tofauti na kikabaki hivyo, WHO hulihesabu hilo kuwa ni shinikizo la juu la damu.

Ndani ya mshipa kuna utando mwembamba na laini. Utando huu si bitana tu. Unafanya kazi. Hutoa hewa maalumu inayouamrisha mshipa ulegee na utanuke pale damu inapohitaji nafasi. Damu ikisukuma kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, utando huu huchakaa. Ukichakaa, lehemu, yaani kolesteroli, hasa ile aina inayoitwa LDL, hupenya na kujijenga ndani ya kuta. Taratibu mshipa hukakamaa, mfano wa mpira wa kumwagilia maji ulioachwa juani miaka mingi. Mwisho wake ama unaziba au unapasuka. Ukiziba au kupasuka kwenye ubongo ni kiharusi. Ukiziba kwenye moyo ni mshituko wa moyo. Figo na macho navyo havisalimiki.

Kwa hiyo msomaji aweke akilini kwamba kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni nguvu ya damu yenyewe, yaani presha. Mlango wa pili ni lehemu inayojijenga kwenye mishipa. Milango hii inasaidiana, lakini si kitu kimoja. Kuna chakula kinachoingia kwa mlango wa kwanza, kuna kinachoingia kwa mlango wa pili, na kuna kinachopita pembeni bila ya kugusa sana popote. Makosa mengi ya barazani yanatokana na kuifanya milango hii miwili kuwa mmoja.

Wataalamu wamesema nini juu ya maziwa?

Hofu ya maziwa yenye mafuta yake kamili haikuzaliwa Pemba. Mwaka 1977 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilitoa malengo ya lishe kwa wananchi wake, na miongoni mwa ushauri wake ulikuwa ni kupunguza mafuta ya wanyama na kutumia maziwa yaliyoondolewa mafuta badala ya maziwa kamili. Hoja ilikuwa nyepesi kuieleweka: mafuta ya maziwa ni ya aina inayoganda, mafuta ya aina hiyo hupandisha LDL, na LDL hudhuru mishipa. Ushauri huo ukaenea ulimwenguni, ukaingia katika vitabu, na hatimaye ukafika kwetu ukiwa umebaki maneno mawili tu: acha maziwa.

Angalia kilichopotea njiani. Walioshauri hawakusema acheni maziwa. Walisema ondoeni mafuta yake. Na sababu waliyoitoa ilihusu mlango wa pili, yaani lehemu, wala haikuwa kwamba maziwa yanapandisha presha.

Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti mashuhuri wa Marekani uitwao DASH. Watu 459 waligawiwa makundi matatu. Kundi moja lilikula chakula cha kawaida cha Wamarekani. La pili liliongezewa matunda na mboga. La tatu lilipewa matunda na mboga kwa wingi, likaongezewa maziwa yenye mafuta machache na mazao yake, na likapunguziwa mafuta kwa jumla. Chumvi ilikuwa sawa kwa makundi yote, na uzito wa watu haukuachwa ubadilike. Baada ya wiki nane, kundi la matunda na mboga pekee lilishuka presha kiasi. Lakini kundi la tatu, lenye maziwa ndani yake, lilishuka karibu mara mbili ya hapo: namba ya juu ilipungua kwa pointi 5.5 kulinganisha na kundi la kwanza. Kwa wale waliokuwa tayari na shinikizo la juu, ilipungua kwa pointi 11.4. Hicho ni kiwango kinachokaribia kazi ya kidonge.

Maziwa hayo yalikuwa na mafuta machache. Je, yangekuwa maziwa kamili ingekuwaje? Swali hilo liliulizwa na watafiti wa California, na majibu yao yakachapishwa mwaka 2016. Walichukua watu 36, wakawapa kwa zamu chakula cha kawaida, chakula cha DASH, na chakula cha DASH ambacho maziwa yake yameachwa na mafuta yake yote, huku sukari ikipunguzwa kufidia. Presha ilishuka kwa kiwango kile kile katika vyakula vyote viwili vya DASH. Mafuta ya maziwa hayakuharibu kitu katika mlango wa kwanza. Katika mlango wa pili palikuwa na tofauti: LDL ilishuka kwa wale wa mafuta machache, na kwa wale wa maziwa kamili haikushuka, lakini pia haikupanda kwa kiwango cha kuhesabika, na aina nyingine ya mafuta ya damu, triglisaridi, ilipungua.

Kisha mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uitwao PURE. Huu uliwafuatilia watu 136,384 katika nchi 21, na Tanzania ni miongoni mwa nchi hizo. Walifuatiliwa kwa muda wa miaka tisa hivi. Waliokuwa wakitumia maziwa na mazao yake zaidi ya mara mbili kwa siku walipatwa na vifo na maradhi ya moyo na kiharusi kidogo kuliko wasiotumia kabisa, na hali ilikuwa hivyo hata kwa waliotumia maziwa yenye mafuta yake kamili.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Utafiti wa PURE ulitazama tu, haukuwalisha watu. Katika nchi maskini, anayepata maziwa kila siku mara nyingi ndiye pia anayepata matibabu, maji safi na nyumba nzuri. Watafiti hujaribu kuyachuja hayo kwa hesabu, lakini hawawezi kuyamaliza. Kwa hiyo haisemwi kuwa maziwa ni dawa ya presha. Na mashirika makubwa, ikiwemo WHO, hadi sasa yanashauri mafuta yanayoganda yasizidi asilimia kumi ya nguvu yote ya chakula anachokula mtu. Linalosemwa kwa uhakika ni hili: hakuna ushahidi wa maana kwamba glasi ya maziwa kamili inampandishia mtu presha. Ushahidi uliopo umeelemea upande wa kwamba maziwa, ndani ya mlo wenye mboga na matunda, husaidia.

Sababu yake haiko mbali. Glasi moja ya maziwa, kiasi cha robo lita, ina takriban miligramu 300 za kalisi na zaidi kidogo ya hapo za potasiamu. Madini haya huisaidia mishipa kulegea na huzisaidia figo kuitoa chumvi. Chumvi iliyomo kwenye glasi hiyo ni kidogo, takriban robo gramu. Mafuta yake ni gramu nane hivi. Sehemu kubwa iliyobaki, karibu asilimia 87, ni maji.

Samli ni jambo jingine

Sasa tuje kwa yule wa upande wa pili, anayesema samli nayo haina neno kwa kuwa imetoka kwenye maziwa.

Sote tunaijua samli inavyopatikana. Maziwa huachwa yakagandia na kuwa mtindi, yakatikiswa katika kibuyu hadi siagi ikajitenga, kisha siagi ikachemshwa mpaka maji yote yakakauka. Kinachobaki ni mafuta, karibu mia kwa mia. Kalisi imebaki kwenye mtindi. Potasiamu imebaki huko huko. Protini pia. Kijiko kimoja kikubwa cha samli kina mafuta kiasi cha gramu 13, sawa na mafuta ya glasi moja na nusu ya maziwa kamili. Na nani kati yetu hutia kijiko kimoja? Bokoboko ya sikukuu haiitwi bokoboko mpaka samli iwe imeogelea juu yake. Halua, chapati za kusukuma, pilau la harusi, vyote vinaijua samli kwa ratili.

Kuna jambo jingine ambalo limegunduliwa katika miaka ya karibuni. Katika maziwa, kila tone la mafuta limefunikwa na ngozi nyembamba sana ya asili. Unapotikisa kibuyu ili upate siagi, ngozi hiyo unaipasua, na ndiyo maana mafuta yanaungana. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden walichapisha majaribio ambayo watu wazima wenye uzito mkubwa walipewa gramu 40 za mafuta ya maziwa kila siku kwa wiki nane. Kundi moja liliyapata kwa njia ya malai, ambamo ngozi ile bado ipo. Kundi la pili liliyapata kwa njia ya mafuta ya siagi yaliyosafishwa, ambayo kwa lugha ya jikoni kwetu ni samli. Mafuta yalikuwa ya ng'ombe, na kiasi kilikuwa sawa. Waliokula samli LDL yao ilipanda. Waliokula malai haikupanda.

Zingatia vizuri, ndugu msomaji. Mnyama ni yule yule, mafuta ni yale yale, na gramu ni zile zile. Kilichobadilika ni kazi ya mikono ya mwanadamu baina ya ng'ombe na sahani. Maziwa hayafungui mlango wa kwanza na hugonga kidogo tu mlango wa pili. Samli haihusiki sana na mlango wa kwanza, lakini mlango wa pili inaingia bila hodi ikizidi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi samli ni sumu wala sisemi itoke katika nyumba zetu. Kijiko cha chai juu ya wali wa familia nzima hakijamuua mtu. Na katika maduka kuna makopo yanayoitwa samli kwa jina tu, kumbe ndani yake ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani. Baadhi ya mafuta ya aina hiyo hubeba mafuta yajulikanayo kama transi, ambayo ni mabaya zaidi kwa mishipa kuliko samli yenyewe ya ng'ombe, na WHO tangu mwaka 2018 imekuwa ikizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula. Asiyesoma maandishi ya kopo anaweza kuacha samli ya kweli na akanunua lililo baya zaidi kwa bei nafuu.

Aya imesema nini?

Tuirudie sasa hoja ya aya. Katika Suratun Nahl, aya ya 66, Allah (s.w.) anatutaka tuzingatie wanyama wa mifugo: anatunywesha kilichomo matumboni mwao, kinachotoka baina ya kinyesi na damu, maziwa safi, yenye kushuka vizuri kwa wanywao. Na katika Sunna imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitufundisha tukila chakula kingine tuombe kilicho bora zaidi yake, lakini tukinywa maziwa tuombe kuzidishiwa hayo hayo. Hii ni sifa kubwa, na Muislamu haoni haya kuitaja.

Lakini twende aya moja mbele. Aya ya 67 inataja matunda ya mitende na mizabibu, kwamba watu hupata kutokana nayo kileo, na hupata riziki njema. Mti ni mmoja. Tunda ni moja. Anachokifanya mwanadamu baada ya kulichuma ndicho kinachotenganisha. Simaanishi kuifananisha samli na kileo, maana samli ni halali na hapana mjadala. Ninachokionyesha ni njia ya kufikiri ambayo sura yenyewe inatufundisha: asili nzuri ya kitu haimpi mtu kibali cha kusifu kila kinachotengenezwa kutokana nacho.

Twende mbele zaidi. Aya ya 69 inazungumzia asali, na inaeleza kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Je, kuna mwenye kisukari mwenye akili timamu anayekunywa asali kwa vikombe kwa hoja ya aya hiyo? Hakuna. Sote tunaelewa kwamba aya imeeleza kheri iliyomo katika kitu, na haikupanga kipimo cha kila mgonjwa. Basi vivyo hivyo kwa maziwa. Kipimo tumepewa mahali pengine, katika Suratul A'raf aya ya 31, ambapo tumeamrishwa kula na kunywa na tukakatazwa kufanya israfu. Na hadithi ya Al-Miqdam bin Ma'dikarib imetupa hata hesabu ya tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi.

Kwa hiyo mzee wangu aliyeniuliza amsikilize nani, jibu ni kwamba hapana ugomvi baina ya wawili hao. Aya inamwambia maziwa ni neema, na elimu ya tiba iliyothibiti haisemi kinyume. Ugomvi alioupata ameupata barazani.

Aliyeachwa huru

Kosa la kumlaumu asiyekuwa na kosa lina hasara mbili. Ya kwanza ni kumnyima mtu kheri. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kwamba mkosaji anaendelea kutembea.

Namjua mtu mzima mmoja mtaani kwetu aliyeacha maziwa kabisa baada ya kupimwa presha. Alijiona amefanya kubwa. Asubuhi akawa anakunywa chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari kwa maandazi ya kukaanga. Mchana wali kwa ng'onda, na pembeni achari ya embe. Usiku chipsi za barabarani, na kabla hajazionja ameshazinyunyizia chumvi. Alikuja kushangaa alipopimwa tena na namba haikushuka. Ingeshukaje? Alifunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Anayeingia kwa mlango wa kwanza ni chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote alivyokula. Kipande kimoja cha samaki wa chumvi asiyerowekwa kinaweza kubeba kiasi hicho chote peke yake. Hapo hatujahesabu chumvi ya mchuzi, vidonge vya supu, achari na mkate. Sisi ni watu wa pwani, papa mkavu na ng'onda ni chakula cha babu zetu. Lakini babu zetu walimla baada ya siku nzima ya jembe na jasho, na sisi tunamla kisha tunakwenda kukaa barazani.

Na tukizungumza mafuta yanayoganda, tusijifanye hatuioni nazi. Katika mafuta ya maziwa, sehemu inayoganda ni takriban theluthi mbili. Katika mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80, na tafiti zinaonyesha kuwa mafuta ya nazi hupandisha LDL kuliko mafuta ya alizeti na mfano wake. Nani katika Pemba anapika mchuzi, muhogo, maharage na wali bila ya tui? Mtu akikataa nusu glasi ya maziwa asubuhi, kisha mchana akala wali wa nazi kwa mchuzi wa nazi, amejinyima kwa asiyemdai akamlipa mwengine. Tui jepesi badala ya tui zito, na siku mbili tatu za wiki bila ya nazi, zingemfaa zaidi kuliko kuyasusia maziwa.

Nini kifanyike?

Kwa aliye na afya yake, maziwa ya ng'ombe glasi moja au mbili kwa siku, au mtindi usiotiwa sukari, ni chakula chema kwake na kwa watoto wake. Wengi wetu kwa kweli tatizo letu si kunywa maziwa mengi. Ni kuyaona kwenye chai tu. Mtindi una ziada yake, kwani vijidudu vinavyougandisha huivunja protini ya maziwa katika vipande vidogo ambavyo baadhi ya tafiti zimevikuta vikisaidia kidogo kuteremsha presha. Ni kidogo, si badala ya dawa.

Maziwa mabichi yachemshwe. Ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita katika maziwa yasiyochemshwa, na kuchemsha hakuondoi kalisi. Mtindi nao ni bora utengenezwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa.

Maziwa yaliyotiwa sukari yana hukumu yake. Maziwa mazito ya kopo, mtindi wa ladha ya matunda na labania, humo sukari ndiyo mwenye nyumba na maziwa ni mgeni. Asije mtu akavila hivyo kwa hoja ya makala hii.

Mwenye presha asiache maziwa kwa kauli ya baraza. Aanze na chumvi, aongeze mboga na matunda, atembee, na apunguze uzito ikiwa umezidi. Mwenye lehemu ya juu, au aliyekwisha pata maradhi ya moyo, maziwa yenye mafuta machache ni salama zaidi kwake, na samli aipunguze hasa. Maziwa ya nyumbani ni rahisi kuyapunguza mafuta: yachemshwe, yapoe, na malai yaliyosimama juu yaondolewe kwa kijiko. Mwenye maradhi ya figo ni mtu wa peke yake. Potasiamu na fosforasi ya maziwa vinaweza kumuelemea, kwa hiyo afuate kipimo cha daktari wake na wala asifuate gazeti.

Na dawa zisiachwe. Hili naliandika kwa msisitizo. Wapo wanaoacha vidonge wiki ile ile wanayojisikia vizuri, kwa sababu presha haina maumivu ya kumkumbusha mtu. Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.) kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuweka maradhi bila ya kuyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kumeza kidonge ni kufuata amri hiyo, na si upungufu wa tawakkul.

Mwisho, tupime. Kati ya yote niliyoyataja hakuna lililo jepesi kama kuvishwa mpira wa kipimo mkononi kwa dakika chache, na hakuna tunalolikimbia kama hilo. Misikiti yetu ina uwezo wa kuwaomba madaktari na wauguzi, ambao wengi wao ni waumini wa misikiti hiyo hiyo, wakae uwanjani baada ya sala ya Ijumaa mara moja kwa mwezi na kuwapima watu. Akina mama wafanyiwe hivyo katika madrasa na vikundi vyao, maana wao ndio wenye ufunguo wa jiko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya ukuta ukianguka mara nyingi haujengeki tena: mkono uliolala haunyanyuki, na ulimi uliofungwa hauisomi tena Fatiha kama ulivyokuwa ukiisoma.

Basi tuyape maziwa haki yake, samli tuipe mpaka wake, na chumvi tuiulize tuliyokuwa tukimuuliza ng'ombe.

Wallahu a'alam.